Ukimya wa Sebuleni kwa Mtunzi

Ndugu msomaji, wiki iliyopita uliniacha katika stoo ya chini ya ngazi, hedifoni masikioni, jasho likinichuruzika mgongoni. Kama hukusoma, usisikitike, hukukosa raha yoyote. Mikosi yangu inasimulika kwa pumzi moja.

Redio niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinifukuza. Mume wangu akaondoka, na akaona si vibaya kuondoka na mashine zangu pia. Nikarudi kwa mama, nikawa nalala kitanda kimoja na wapwa zangu wenye mateke. Ndipo mwongozaji mmoja wa filamu akanichukua nimrekodie sauti. Huyu sote tunamwita Kata, maana hilo ndilo neno analolipenda kuliko salamu.

"Ni filamu ya heshima," aliniambia. "Waimbaji wanakuja mmoja mmoja nyumbani kwa Mtunzi, wanamwimbia nyimbo zake mwenyewe, na kamera inamtazama usoni. Wewe lete masikio tu."

Mtunzi unamjua hata kama hujawahi kumwona. Nyimbo zake ndizo baba zetu walizowatongozea mama zetu. Siku mkewe alipoanguka ngazini akafa, mzee alipigwa na kiharusi palepale, na tangu siku hiyo hakutamka neno. Watu walisema ni mapenzi hayo. Walilia, wakamheshimu zaidi.

Sasa, sisi watu wa sauti tuna kazi moja inayowachekesha wengine. Tunarekodi ukimya. Kila chumba kina ukimya wake, wa friji, wa feni, wa mbao za dirisha, na huo ndio unaoziba mapengo filamu inapokatwakatwa. Kwa kawaida watu wote huganda walipo mpaka nimalize. Lakini sakafu ya sebule ile ni ya mbao, inalia hata mtu akiwaza, basi Kata akawatoa wote uani.

"Na Mzee je?" niliuliza.

"Mzee ni kimya tayari," alisema, akacheka mwenyewe.

Tukamwacha kwenye kiti chake, na maiki niliyombania ndani ya shati, kama watu wanavyoacha kabati. Mimi nikajibana stooni na mashine yangu, mlango nikiuacha wazi kiasi cha kumwona.

Na kabati likasema: "Binti wa maiki, usitoke. Kama unanisikia, gusa pua."

Hapo ndipo ulipoishia wiki iliyopita. Leo nakwambia kwamba niliigusa pua. Niliigusa kwa haraka mpaka nikajichoma jicho.

"Vizuri," alisema Mtunzi. Midomo yake haikufunguka hata kidogo, lakini sauti ilikuja safi masikioni mwangu, nzito, ile ile ya kwenye santuri za baba yangu. "Ulimi ulirudi zamani. Nimeuficha. Mke wangu hakuanguka, binti. Alisukumwa. Nilikuwa nimekaa hapahapa, nikaona mkono. Mkono wa mwanangu."

Huyo mwanawe ndiye mwenyeji wetu. Sisi wa kazi tulimpa jina la Asali, kwa sababu ya utamu wake. Hapiti mtu bila kuulizwa kama amekula. Mbele ya kamera alisimulia kifo cha mama yake kwa machozi, na mimi mwenyewe nililia nikimrekodi, mpaka Kata akanikaripia kwa kuvuta makamasi.

"Mama yake alikuwa amemwambia ahame," Mtunzi aliendelea. "Alikuwa amechoka kupigwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe. Baada ya hapo mimi nikaanguka. Niliporudiwa na ulimi, wa kwanza kumwona ni yeye, ameinama juu yangu, ananisikiliza. Mpaka leo hufanya hivyo. Ananiuliza jambo kwa upole, halafu anangoja. Siku nitakayojibu, sitaiona ya pili."

Alivuta pumzi. Nilisikia kifua chake kikikoroma kwenye maiki.

"Binti yangu anakuja jioni hii kuimba wimbo wa mwisho. Akiondoka, anaondoka nami, nikakae kwake. Kaka yake alikubali mbele ya kamera yenu, hana pa kukatalia. Mimi nataka kunyamaza mpaka jioni tu, basi. Lakini nikiondoka kwa njia nyingine kabla hajafika, wewe unayo sauti yangu. Mpe yeye. Usimpe mtu mwingine."

Nilitaka kumuuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote wenye mabega mapana waliojaa uani. Ni kama alinisikia.

"Wengine wanaongea juu ya kichwa changu kama juu ya meza," alisema. "Wewe uliponibania hiki kidude uliniomba radhi kwa baridi ya vidole vyako."

Huko nje Kata akapaza sauti. "Dada wa waya! Umeupata huo ukimya?"

Uso wa Mtunzi ukalegea papo hapo. Mdomo ukapinda upande, jicho moja likazama, udenda ukaanza kushuka kidevuni. Nimeona waigizaji wengi, wengine wanajiita wakubwa. Hakuna aliyeniogopesha kama yeye.

"Nimeupata," nilijibu.

Sasa naungama mbele yako, msomaji, maana sina pa kuungamia kwingine. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Nilijiambia, wewe una nini na familia za watu? Huna mume, huna kazi ya kudumu, huna hata kitanda. Futa, kula mshahara wako, nenda kwa mama. Kidole kilikaa juu ya kitufe kile nikiwa namtazama mzee kupitia upenyo wa mlango, na yeye hakuweza kunitazama kwa sababu watu walikuwa wanaingia, na ule udenda ulikuwa umefika kwenye kola.

Sikufuta. Usinisifu, sikuwa na ujasiri wowote, nilishindwa tu. Niliichomoa kadi iliyobeba sauti ile kwenye mashine, nikaisukumia ndani ya soksi, chini kabisa kwenye unyayo. Mashine nikaitia kadi ya jana.

Nikatafuta simu nimpigie huyo binti, nimwambie aharakishe. Ndipo nikakumbuka kwamba simu zote zilikuwa kwenye kapu jikoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyezikusanya asubuhi, kwa ukali, eti zinaharibu sauti.

Mlango wa stoo ukagongwa kidogo, ule ugongaji wa mtu mwenye adabu.

"Dada, nimekuletea chai."

Alikuwa Asali. Aliingia bila kungoja, akaketi juu ya sanduku la nyaya, magoti yake yakigusana na yangu kwa ufinyu wa mle ndani. Kikombe alikiweka mikononi mwangu, akavishikilia vidole vyangu kidogo.

"Mikono ya baridi," alisema.

Msomaji, roho ilinitoka, ikachungulia nje, ikarudi. Nikajiambia kwamba kila mtu anayenigusa husema hivyo. Hata mume wangu alikuwa akilalamika.

"Ni damu yangu, kaka. Nzito kama uji."

Alicheka. Anacheka vizuri, hilo silikatai. "Mmefanya nini tulipokuwa nje?"

"Nimerekodi ukimya."

"Ukimya nao unarekodiwa?" Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kitoto. "Niwekee nisikie. Nimekulia katika nyumba hii, sijawahi kuusikia ukimya wake."

Ningesema nini? Nilimvika hedifoni, nikabonyeza. Kadi ya jana ilikuwa na ukimya wa chumba cha juu. Alifumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu sana, huku mimi nikiinywa chai bila kuihisi, na kadi ikinichoma unyayoni kama kaa la moto.

Akafumbua macho. "Saa haipo."

"Saa gani, kaka?"

"Saa ya ukutani sebuleni. Ina mlio mkubwa, mama alikuwa akiulalamikia. Humu haisikiki."

Nilijibu haraka, na nilijiona hodari. "Tunaitoa betri, kaka. Ndiyo taratibu yetu, saa huharibu kazi. Tukimaliza tunairudisha."

Na ni kweli tunafanya hivyo. Ila siku hiyo tulikuwa tumesahau.

Asali aliinuka. Alikwenda sebuleni, akasimama chini ya saa, akaitazama, kisha akatazama saa ya mkononi mwake. Alirudi akaegemea mlango wa stoo.

"Mmeirudisha vizuri," alisema. "Haijachelewa hata kidogo."

"Mpiga picha ndiye aliyeirekebisha."

"Mpiga picha alikuwa uani na mimi, dada. Tulikuwa tunaongea habari za mpira."

Akatabasamu. Hakuuliza lingine lolote, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mtu akikugombeza unajua pa kujificha. Huyu alichukua kikombe changu, akafuta kwa kidole tone lililomwagikia sandukuni, akasema kama aliyekumbuka jambo dogo: "Ah, na dada yangu haji leo. Amenipigia nikiwa jikoni nachemsha chai, kuniuliza kama tuko tayari, nikamwambia tumechelewa, aje wiki ijayo. Njia ni ndefu, kwa nini ahangaike?"

Nilimtazama Mtunzi kupitia upenyo wa mlango. Alikuwa amesikia. Usoni hakubadilika, lakini mkono wake mzima, ule wa kulia, ulikuwa umekamata mkono wa kiti, na vifundo vya vidole vilikuwa vimepauka.

Kata alikuja mbio. "Eti mwimbaji wa mwisho haji? Taa nimeshazipanga, filamu yangu haina mwisho, mnataka niimbe mimi?"

"Nitaimba mimi," alisema Asali.

Nilimwona Kata akiiona filamu yake kichwani. Mwana, gitaa la baba, baba asiyesema.

"Unaweza?"

"Nimezaliwa katika nyimbo hizi, bosi wangu. Na baba atafurahi."

"Bosi," nilisema, nikamshika Kata mkono wa shati. "Bosi, naomba neno moja. Pembeni."

"Pembeni ya nini? Mwanga unaondoka."

"Neno moja tu, tafadhali."

Asali aliniwekea mkono begani, polepole, kama kaka. "Dada amechoka," alimwambia Kata. "Mchana kutwa amefungiwa mle ndani peke yake. Tumalize akapumzike."

"Utapumzika," Kata aliniambia. "Maiki sawa? Haya, kila mtu mahali pake."

Ningepiga kelele? Umesema ndiyo, nimekusikia. Ungekuwa wewe ungepiga. Mimi nilifikiri, nikipiga kelele nitasema nini, kwamba mzee asiyesema amesema? Wangedai ushahidi, na ushahidi wenyewe ndio utakaomfichua. Nikavaa hedifoni. Nikakaa kwenye kiti changu mlangoni mwa stoo.

Asali aliweka kiti chake mbele ya baba yake, karibu kabisa, kiasi kwamba gitaa lilikuwa likimgusa mzee magoti. Kata alisimama nyuma ya kamera na hedifoni zake, ambazo waya wake unatoka kwenye mashine yangu. Ninachosikia mimi, na yeye anasikia.

Wimbo ulikuwa ule wa taa. Kila mtu anaujua. Mtunzi aliutunga akiwa kijana, akimchumbia yule yule mama aliyekufa ngazini, na mstari wake wa kwanza unaimbwa hata na watoto: *Uliacha taa dirishani, nami nikajua pa kurudi.*

Asali akapiga nyuzi. Ana sauti nzuri, Mungu anajua mwenyewe kwa nini alimpa. Akaimba akimtazama baba yake machoni:

*Uliacha taa mlangoni, nami nikajua pa kurudi.*

Nikadhani amekosea. Wengi hukosea mbele ya kamera. Halafu nikamwona hakupepesa macho, na nikaelewa anachokifanya.

Wote walioimba kwenye filamu ile walitusimulia jambo moja kuhusu Mtunzi, wakicheka. Alikuwa havumilii neno lake kubadilishwa. Mwimbaji akitia "lakini" mahali pa "ila", mzee alisimamisha bendi nzima. Wakati mmoja alisimama katikati ya sherehe ya wakubwa akamsahihisha mwimbaji kutoka mezani, mdomo umejaa chakula. Hakuweza kujizuia, walisema, ni kama chafya.

Na mwanawe alikuwa analijua hilo kuliko wote.

Masikioni mwangu nilisikia ulimi wa mzee ukibanduka kwenye kaakaa. Tk. Mlio mdogo kama huo. Nikapiga teke stendi ya maiki iliyokuwa kando yangu, ikaanguka kwa kishindo.

"Kata!" Kata alifoka. "Wewe dada una nini?"

"Kuna mkwaruzo kwenye waya, bosi. Samahani. Nadhani tuahirishe, mashine imepata moto."

"Iko sawa, mimi naisikia vizuri."

"Hakuna shida," alisema Asali, bila kunitazama. "Tunaanza tena. Baba, uko tayari?"

Alingoja. Kweli alingoja, kichwa kimeinama upande kidogo, kama Mtunzi alivyoniambia. Mzee alikodoa jicho lake moja ukutani. Udenda ulishuka. Nilimwomba kimoyomoyo, mzee wangu, ni maneno tu, mwache ayaharibu, kesho utayatengeneza. Nyamaza. Nakuomba nyamaza.

Nyuzi zikalia tena. Asali akaimba, taratibu zaidi, kila neno amelitafuna:

*Ulizima taa dirishani, sikujua pa kurudi.*

Sebule nzima haikusikia kitu. Mpiga picha hakusikia, Asali mwenyewe hakusikia. Lakini masikioni mwangu, chini ya gitaa, chini ya saa ya ukutani, sauti nzito ilisema, si kwa hasira, ilisema kama mtu anayemrekebishia mkewe kola ya nguo:

"Uliacha."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Kata alikuwa ameinua mkono hewani. Gitaa likanyamaza.

"Nani kasema?"

"Ni mimi," nilidakia. "Samahani bosi, ni mimi, nimejisahau, naupenda wimbo huu."

Kata alinitazama, kisha akacheka kwa pua. "Wewe ndiye mwenye sauti ya mzee wa miaka themanini?"

"Nina mafua."

"Irudishe nyuma."

"Bosi, betri…"

Hakunisubiri. Alikuja mwenyewe kwa hatua zile za kwake za kuruka nyaya, akachomoa hedifoni kwenye mashine, akabonyeza, akafungua sauti mpaka mwisho. Spika ndogo ya mashine yangu ikatoa gitaa, ikatoa sauti tamu ya Asali, na ndani yake, bila shaka yoyote, ikatoa neno lile. Kata alilirudia. Halafu akalirudia tena. Lilijaa sebuleni, likapanda ngazini.

Machozi yalikuwa yanamtoka Kata. Namchukia mpaka leo kwa ile furaha yake, na najua hakuwa na kosa.

"Mzee amesema," alisema. "Jamani, mzee amesema. Miaka yote hii, mwanawe amemwimbia, na amesema. Filamu imepata mwisho." Akapiga magoti mbele ya kiti, akaibusu mikono ya Mtunzi. "Mzee wetu, sema tena. Chochote. Kamera inakwenda."

Mtunzi hakumtazama Kata. Alinitazama mimi. Uso wake ulikuwa umenyooka, macho yote mawili wazi, na nilimwona alivyokuwa mzee kweli.

Asali alikuwa ameshaliweka gitaa chini, polepole, nyuzi zisilie. Aliinuka. Alimpita mpiga picha akimgonga bega kwa upendo, akaenda mpaka mlango wa mbele, akaufunga, akazungusha ufunguo, akauchomoa na kuutia mfukoni mwa shati. Akarudi kwenye kiti chake na kukisogeza mbele kidogo zaidi.

"Haya, baba," alisema. "Endelea. Sote tunakusikiliza."

Na Mtunzi akafungua mdomo. Alichosema nitakwambia wiki ijayo, msomaji.